Kupima maji ya tumboni mwa paka kwa jaribio la Rivalta

Paka mchanga aliyekonda mgongo huku tumbo likizidi kujaa, wengi humdhania ana minyoo. Akishapewa dawa ya minyoo na tumbo lisipungue, homa ikawa inapanda na kushuka na antibiotiki haisaidii, fikiria FIP (feline infectious peritonitis), ugonjwa wa paka unaoweza kujaza tumbo maji. Ugonjwa huu huanza pale virusi vya korona vya paka, ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye utumbo bila kumdhuru sana, vinapobadilika na kuanza kuzaliana ndani ya seli za kinga. Si virusi vya UVIKO-19, na havimwambukizi binadamu.

Usikimbilie kupima kingamwili za korona kwenye damu. Paka wazima tele wanaofugwa kwa makundi wanazo, hivyo jibu halitakupeleka mbali. Maji ya tumboni yanasema zaidi.

Kuyachota ni kazi ya daktari wa mifugo. Sehemu moja aitie kwenye tyubu ya kofia ya zambarau, yenye dawa ya kuzuia kuganda, kwa ajili ya kuhesabu seli, nyingine kwenye tyubu tupu. Yatazame kabla ya kupima lolote. Maji ya FIP huwa ya manjano kama majani makavu na yananata: ukiyagusa kwa vidole viwili vyenye glavu kisha ukavitenganisha, hutoka uzi. Ukiyatikisa hutoa povu, kwa sababu yamejaa protini, mara nyingi zaidi ya gramu 35 kwa lita.

Sasa, kwa jaribio lenyewe la Rivalta, chukua tyubu angavu ya mililita 10. Tia mililita 8 za maji yaliyokenekwa, kisha tone moja la asidi ya asetiki ya asilimia 98, uchanganye vizuri. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, si maji kwenye asidi. Na vaa glavu, maana inaunguza. Siki ya dukani ina asidi ya karibu asilimia 5 tu, kwa hiyo tone lake moja halichukui nafasi ya tone hilo. Ukinunua maji yaliyokenekwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, soma lebo mara mbili: dumu la jirani yake rafuni huenda likawa na asidi ya salfa.

Shikilia tyubu mbele ya karatasi nyeusi. Dondosha tone moja la maji ya paka taratibu juu ya uso, usilirushe kwa nguvu, la sivyo litatawanyika na utasoma jibu la uongo. Tone likiyeyuka na mchanganyiko ukabaki angavu, jibu ni hasi. Likibaki na umbo lake, likaning'inia juu au likazama polepole kama yavuyavu wa baharini, jibu ni chanya. Kama una shaka, rudia kwa tyubu mpya, si ileile.

Jibu hasi lina uzito kuliko chanya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, majibu hasi yalikuwa sahihi kwa zaidi ya 90 katika kila 100, lakini majibu chanya hayakufika 60. Usaha wa bakteria tumboni na saratani ya limfoma navyo hushikilia tone. Ndiyo maana ile tyubu ya zambarau ina kazi: maji yenye seli tele na bakteria ndani yake yanaelekeza kwingine, wakati ya FIP huwa na seli chache. Uwiano wa albumini kwa globulini, aina mbili za protini zilizomo kwenye maji hayo, ulio chini ya 0.4 unaongeza shaka, ukizidi 0.8, FIP haielekei. Penye maabara ya PCR, yaani kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi, peleka maji hayohayo.

Ugonjwa ukithibitika, dawa ipo: GS-441524, inayozuia virusi kuzaliana. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, timu ya Niels Pedersen wa Chuo Kikuu cha California, Davis, iliwatibu paka 31, na 26 kati yao walimaliza angalau wiki 12. Kwa FIP ya maji isiyogusa macho wala ubongo, kipimo kinachotumika sana sasa ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa mdomo, kila siku. Paka wa kilo 2.4 anapata miligramu 36. Lakini anayepona hunenepa haraka. Akifika kilo 3 anahitaji 45, na ukiendelea na 36 umeshampunguzia dozi bila kujua. Mpime uzito kila wiki, kwa mizani ileile.