Kunasa madokezo katika ngano ya kigothiki: anza na shingo, si ufunguo

Mara ya kwanza nilisoma "The Bloody Chamber", hadithi ya mwandishi Mwingereza Angela Carter, kwa mkao mmoja, nikaifunga nikiamini nimeielewa. Msichana wa miaka 17 anaolewa na tajiri mwenye kasri baharini, anaachiwa funguo, anakatazwa chumba kimoja, anakifungua na kukuta maiti za wake waliomtangulia. Basi. Niliporudi mara ya tatu ndipo nilipoona kwamba hadithi ilikuwa imekwisha kunionyesha upanga tangu mwanzo, na mimi nimeupita. Hapo nikaanza utaratibu wa kunasa madokezo, yaani vitu vidogo vinavyoelekeza kimyakimya kwenye kisa kingine au kwenye jambo lijalo, ninaoufuata mpaka leo kila nikisoma ngano ya kale iliyosimuliwa upya kwa sura ya kutisha.

Isome kwanza hadi mwisho bila kugusa kitabu kingine. Shika penseli, lakini usiandike maelezo. Weka nukta tu pembeni pale unapojikwaa. Utajikwaa kwenye kitu kilichoelezwa kwa urefu kupita kazi yake, au kwenye picha ya ukutani ambayo mwandishi angeweza kuiacha na kisa kisipungue. Nukta zangu ziliangukia mkufu, picha na opera, yaani mchezo wa kuimbwa. Ufunguo sikuuwekea nukta, kwa kuwa ufunguo kila mtu anauona.

Kisha tafuta ngano yenyewe ya kale, si muhtasari wake. Hapa ni "La Barbe bleue", kisa cha mume mwenye ndevu za buluu, alichokichapisha Charles Perrault mwaka 1697. Ni kifupi mno. Soma polepole ushike vitu vidogo: doa la damu kwenye ufunguo, ukilisugua upande huu linatokea upande wa pili, dada Anne juu ya mnara anaulizwa kama haoni mtu anakuja, naye anaona jua, vumbi na majani mabichi tu, mwishoni kaka wawili wa bibi harusi, askari wote, wanaingia na panga kumwokoa. Carter alimtafsiri Perrault kwa Kiingereza mwaka 1977, miaka miwili kabla kitabu chake hakijatoka. Alikijua kisa hiki neno kwa neno, kwa hiyo akipinda mahali, amepinda kwa makusudi.

Usiishie kwa Perrault. Ndugu Grimm wana "Fitchers Vogel", ambamo msichana hupewa ufunguo pamoja na yai. Dada wa tatu analiweka yai mahali salama lisipate damu kabla ya kufungua mlango, na ujanja huo unawaokoa wote. Katika Alfu Lela Ulela, kalenda wa tatu, yaani darweshi mzururaji, anakatazwa mlango mmoja wa dhahabu, anaufungua, na jicho lake linapotea. Na Shakespeare, katika "Much Ado About Nothing", anamfanya Benedick anukuu kiitikio cha "Mr Fox", ngano ya Kiingereza ya ukoo huu huu, naye anaiita hadithi ya zamani karibu miaka mia kabla ya Perrault. Ukiona hivyo unaacha haraka ya kutangaza nani kamwibia nani.

Sasa daftari. Mimi huligawa safu tatu: kilichobaki, kilichoondolewa, kilichogeuzwa. Safu ya tatu ndiyo ninayoikalia jioni nzima. Chukua dada Anne. Kwa Carter hayupo, lakini nafasi yake haiko wazi: yupo kijana kipofu, fundi wa kurekebisha sauti za piano. Kwa Perrault mwenye macho anatazama muda mrefu bila kuona mtu. Kwa Carter asiyeona ndiye wa kwanza kusikia kwato za farasi. Na juu ya farasi huyo hakuna kaka. Yupo mama, yule aliyewahi kumuua simba-milia mla watu kule Indochina, amekuja na bastola ya marehemu mumewe. Niliposhika jambo hilo nilisimama nikatembea chumbani.

Rudi sasa kwenye nukta zako, uulize kila moja inatazama wapi. Mkufu ni wa rubi, mwekundu, mpana, unabana koo. Hadithi yenyewe inaeleza kwamba baada ya siku za gilotini, mashine ya kukatia vichwa, nchini Ufaransa, makabaila walionusurika walifunga utepe mwekundu shingoni pale ambapo chuma kingepita. Nyanya wa mume huyu akautengeneza utepe wake kwa rubi. Picha ni ya Mtakatifu Sesilia akipiga kinanda, zawadi kwa bibi harusi ambaye ni mpiga piano. Zawadi ya upendo, utasema. Lakini tafuta kifo cha Sesilia katika masimulizi ya watakatifu: alipigwa upanga mara tatu shingoni. Opera nayo ni "Tristan und Isolde" ya Wagner, ambamo wimbo mkuu wa mapenzi ni wimbo wa kufa. Vitu vitatu, na viwili vinagusa shingo ile ile kabla mume hajatamka adhabu yake. Adhabu ni kukatwa kichwa, na anaamuru mke aje amevaa ule mkufu.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuogopa kazi hii. Tumelelewa na tahmisi: mshairi anachukua mishororo miwili ya mwenziwe, anatanguliza mitatu yake, na anayeujua ubeti wa kwanza anasikia sauti mbili kwa pamoja. Sikio hilo hilo ndilo linalotakiwa hapa.

Ila kuna kupitiliza. Niliwahi kujaza kurasa mbili kuhusu pete ya opali, nikaipeleka hadi kwenye visasili vya mbali, ilhali yaya wa msichana anasema wazi kwamba opali huleta nuksi. Siku hizi silihesabu dokezo mpaka lipate jingine linaloelekea pale pale.

Na ukiwa mwandishi, pima hivi: asiyejua lolote kuhusu gilotini bado aone mstari mwekundu kooni na aingiwe na baridi. Halafu usikimbilie kulitaja chimbuko. Charlotte Brontë, katika "Jane Eyre" ya 1847, anakifananisha kijia cha ghorofa ya tatu na kasri la yule mwenye ndevu za buluu, na papo hapo kicheko kinasikika. Mke wa mwenye nyumba, aliyefungiwa juu, tutamjua baadaye sana. Carter anangoja hadi upanga uko hewani ndipo mume awe kama kinyago cha mashine cha kisa hicho ndani ya sanduku la kioo.

Doa la ufunguo liache liwe la mwisho. Kwa Carter linahamia kwenye paji la uso la msichana, umbo la moyo, halifutiki. Msome Perrault tena pale ufunguo unaposuguliwa, usome Mwanzo 4:15 kuhusu alama ya Kaini, ambayo ilimtia doa na ikamlinda, kisha fungua sentensi ya mwisho ya hadithi. Anaishi na yule kipofu, na anashukuru kwamba haioni alama ile. Si kwamba anachelea kijana angechukizwa, kwani anajua anaonwa kwa moyo. Anashukuru kwa sababu anapunguziwa aibu.