Kuandika Historia ya Klabu ya Raga ya Mtaani: Karatasi Kwanza, Hadithi Baadaye

Klabu ya raga ya ridhaa haina karani wala kabati la chuma. Katibu huandika kumbukumbu za vikao nyumbani kwake, mweka hazina hutupia risiti kwenye katoni ya viatu, na siku wanapotoka uongozini karatasi hubaki palepale: chini ya kitanda, juu ya kabati, au dukani kwa shemeji. Miaka thelathini ikipita, historia ya klabu imetawanyika katika nyumba ishirini. Kazi ya kuiandika huanza kwa kubisha hodi, na hodi zenyewe zina utaratibu. Maelezo haya yanahusu klabu za Kenya, ila mwenye klabu Kampala au Arusha atayatumia bila kubadilisha mengi.

Anza kwa mweka hazina, si kwa nahodha

Nahodha ana hadithi. Mweka hazina ana risiti ya kodi ya uwanja, ya basi la kwenda Nakuru, ya jezi kumi na tano na mpira mmoja, na kila risiti ina tarehe. Andika majina ya viongozi wote wanaokumbukwa, kisha uwapange kwa umri na afya, wazee na wagonjwa wakitangulia. Familia za waliofariki ziwekwe juu kabisa, kwa sababu nyumba ikihamwa au mirathi ikigawanywa, makaratasi ndiyo ya kwanza kuchomwa.

Ukifika, usiulize kama wana "vitu vya klabu". Utajibiwa hapana, na hawatakuwa wamekudanganya, maana hawavihesabu kuwa vitu. Taja kimoja kimoja: daftari la ada, kadi ya ratiba ya msimu, barua za kualikwa mashindano, picha, kanda za video, jezi kuukuu, tai, programu ya mechi, leja ya baa. Hasa leja ya baa. Klabu nyingi zimeishi kwa mauzo ya bia kuliko kwa ada, na mwezi ambao mauzo yameanguka mara nyingi ndio mwezi ambao wachezaji walihama.

Ukiazima chochote, andika hati mbili zinazofanana zenye orodha ya vitu, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha, zote zitiwe sahihi, kila upande ubaki na yake. Wiki mbili zinatosha. Ukichelewesha nyumba moja, habari zitafika nyumba nyingine kabla yako, na milango itafungwa.

Kunakili bila kuharibu

Picha za karatasi zipigwe skana kwa dpi 600 (idadi ya nukta kwa kila inchi) na kuhifadhiwa kama TIFF, aina ya faili isiyopunguza ubora wa picha. Nyaraka za maandishi zinatosheka na dpi 300. Negativu zinahitaji 2400 au zaidi. Picha iliyogandamana na kioo cha fremu usiibandue, utabaki na nusu ya timu kwenye kioo. Ipige kwa kamera ikiwa ndani ya fremu, karibu na dirisha, bila flashi, kamera ikielekea katikati ya picha na kitambaa cheusi kikiwa nyuma yako ili kioo kisikuonyeshe wewe.

Pwani kuna adui wa ziada, ukungu. Albamu iliyofungiwa Mombasa miaka ishirini ifunguliwe nje kwenye hewa kavu, kivulini, na madoa ya ukungu yapanguswe kwa brashi laini yakishakauka. Ukiyafuta yakiwa na unyevu unayasambaza. Majina nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini ya 2B, pembeni. Wino wa kalamu hupenya na kutokeza kwenye uso wa mchezaji. Selotepu isiguse kitu chochote.

Kila faili ipewe jina linaloanza na mwaka: 1984-kikosi-cha-kwanza-01. Kama mwaka haujulikani, andika 198x. Weka nakala tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya nyumba yako. Simu si hifadhi.

Jedwali la mechi ndilo uti wa mgongo

Kabla hujaandika sentensi moja ya historia, tengeneza jedwali lenye safu hizi: tarehe, mashindano, mpinzani, uwanja, kikosi (cha kwanza au cha pili), idadi ya wachezaji (15, 10 au 7), matokeo, wafungaji, na chanzo cha habari. Safu ya mwisho ndiyo watu huiruka, halafu mwaka mmoja baadaye hawajui ushindi wa 19–3 waliutoa wapi.

Makosa ya kawaida ni matatu. Kwanza, kuchanganya raga ya wachezaji saba na ya kumi na tano. Jedwali likishachanganyika hivyo, rekodi ya "ushindi mkubwa zaidi" haina maana. Pili, kuhesabu ushindi wa kikosi cha pili kama wa kwanza, kwa kuwa gazeti liliandika jina la klabu tu. Tatu, ushindi wa mezani. Mpinzani hakufika, pointi zikatolewa, na leo mzee anasema "tuliwapiga". Andika wazi kwamba mechi haikuchezwa.

Tena angalia msimu. Siku hizi ligi ya Kenya huanza mwishoni mwa mwaka mmoja na kumalizika mwaka unaofuata, kwa hiyo andika 2016/17, si 2017. Ukiandika mwaka mmoja, utajikuta na mabingwa wawili mwaka mmoja na mwaka mwingine mtupu.

Hesabu ya pointi inavyotaja mwaka

Hapa ndipo raga inapomsaidia mwandishi kuliko kandanda. Thamani ya trai, yaani kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa mpinzani, imebadilika: ilikuwa pointi 3 hadi 1971, ikawa 4, na tangu 1992 ni 5. Mkwaju wa kuongezea baada ya trai umebaki pointi 2, na penalti 3. Goli la dropu, yaani mpira unaodundishwa chini na kupigwa golini mchezo ukiendelea, lilikuwa 4 hadi 1948, kisha likawa 3.

Chukua kipande cha gazeti kisicho na tarehe, kilichobandikwa kwenye albamu. Kinasema timu ilipata trai mbili, moja ikaongezewa, basi. Kama jumla ni 8, mechi ni ya kabla ya mabadiliko ya 1971. Kama ni 10, iko kati ya 1971 na 1992. Kama ni 12, ni ya baada ya hapo. Dakika moja ya hesabu imekupa muongo. Acha nafasi ya mwaka mmoja pande zote mbili, kwa sababu sheria mpya huanza kutumika msimu unapoanza, si Januari mosi.

Hesabu hiyohiyo hufichua makosa ya chapa. Ukijumlisha wafungaji waliotajwa na usipate matokeo yaliyo kwenye kichwa cha habari, kuna mkwaju uliosahauliwa au tarakimu iliyokosewa. Usirekebishe kimyakimya. Andika yote mawili na useme hayalingani.

Idadi ya wachezaji nayo inasema kitu. Wachezaji wa akiba walianza kuruhusiwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na wakati huo ni kwa majeruhi tu. Ripoti ya 1958 inayosema timu ilimaliza na watu 14 haina maana kwamba mtu alifukuzwa. Huenda alivunjika mfupa wa bega na hakukuwa na wa kuingia. Na ukiona "mabadiliko ya kimbinu", yaani kumtoa mchezaji asiyeumia, kwenye maelezo ya mechi inayodaiwa kuwa ya 1985, tarehe hiyo ina kasoro, kwa kuwa hayo yaliruhusiwa miaka ya 1990.

Vigingi vya kufungia kumbukumbu

Historia ya klabu hufungwa kwenye historia kubwa zaidi. Kwa Kenya, vigingi ni hivi: mechi ya kwanza iliyorekodiwa ni ya 1909, baina ya maafisa wa serikali na walowezi. Klabu ya Nondescripts ilianzishwa 1923. Chama cha raga cha Afrika Mashariki, RFUEA, kikaundwa 1953, na Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, wakacheza Nairobi 1955 na 1962. Chama cha Kenya, KRFU, na Kenya Cup, kombe la ligi, ni vya 1970. Klabu za Mwamba na Mean Machine ni za 1977. Agosti 1995 raga ikaacha kuwa mchezo wa ridhaa kisheria duniani, na Safari Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba, ikaanza 1996.

Vigingi hivi ni chujio. Mtu akikuambia klabu ilibeba Kenya Cup 1965, kombe hilo halikuwapo. Huenda anakumbuka Kombe la Enterprise, ambalo lina jina la manowari HMS Enterprise na lilitangulia Vita vya Pili vya Dunia. Barua yenye nembo ya KRFU haiwezi kuwa ya 1962.

Mwaka wa kuanzishwa: mitatu, si mmoja

Ugomvi mkubwa katika kila kitabu cha klabu ni huu. Kuna siku vijana walipocheza mara ya kwanza kwa jina hilo, kuna siku walipokaa kikao na kuchagua katibu, na kuna siku chama kiliposajiliwa. Zinaweza kupishana kwa miaka mitano. Taja zote tatu kila moja na ushahidi wake, kisha klabu iamue ipi itasherehekewa. Uamuzi huo ni wa mkutano mkuu, si wa mwandishi.

Mean Machine ya Chuo Kikuu cha Nairobi ni mfano mzuri. Ilianza 1977 na mwaka huohuo ikabeba Kenya Cup. Kikosi kinachoshinda ligi msimu wa kwanza hakikujifunza kukamata mpira msimu huo. Wachezaji wana historia iliyotangulia jina. Uliza walitoka shule gani na klabu gani, na sura ya kwanza itaanzia huko.

Usajili utafute kwenye Gazeti rasmi la Serikali, ambalo huchapisha matangazo ya vyama vilivyosajiliwa na vilivyofutwa. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni. Magazeti yenyewe, yaani East African Standard tangu enzi za ukoloni na Daily Nation tangu 1960, yatafute katika maktaba ya McMillan, na pia Nyaraka za Taifa, lile jengo la Moi Avenue ambalo nusu ya Nairobi hukutania mlangoni na wachache huingia. Usiende kusoma mwaka mzima. Nenda na tarehe za Jumamosi, fungua toleo la Jumapili au Jumatatu, kurasa za nyuma. Kwa mwendo huo msimu mmoja unamalizika kwa siku moja.

Kuhoji wazee

Usiulize "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka wowote ili asikuangushe. Uliza: ilikuwa kabla ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 au baada? Kenyatta alikuwa hai? Ulikuwa umeoa? Mtoto wa kwanza alikuwa amezaliwa? Kisha mpe picha, unyamaze. Picha ya kikosi huleta majina ambayo maswali hayaleti, na mara nyingi nahodha aliyeketi katikati ameshika mpira ulioandikwa mwaka kwa chokaa au rangi nyeupe. Ukuze mpira huo kwenye skana kabla ya kuuliza lolote.

Mahojiano yasizidi dakika tisini. Simu iwe katika hali ya ndegeni, ilazwe juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita thelathini kutoka kwa msemaji, mbali na feni. Rekodi kwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, kama programu inaruhusu. Saa moja ya sauti huchukua saa nne hadi sita kuiandika, zaidi kama wazee wanne wanaongea kwa pamoja, kwa hiyo hoji mmoja mmoja.

Tengeneza rejista ya majina ya utani. Klabuni mtu hujulikana kwa jina moja miaka arubaini, na gazeti lilimwandika "J. Otieno". Bila rejista utamhesabu kama watu wawili, au utawaunganisha akina Otieno watatu kuwa mchezaji mmoja aliyecheza misimu ishirini.

Mtu akieleza mgawanyiko wa klabu, pesa zilizopotea au ngumi za chumba cha kubadilishia, sikiliza upande wa pili kabla ya kuandika. Karatasi ikikosekana, andika kwamba wanachama kadhaa waliondoka mwaka huo, uishie hapo. Anwani, magonjwa na madeni ya watu hayana kazi kitabuni, na Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi ya 2019.

Kuchapisha

Ukubwa wa A5, kurasa 64, kushonwa kwa pini katikati. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne. 62 zitakupa mbili tupu. Weka jedwali la matokeo mwishoni, orodha ya viongozi kabla yake, na picha karibu na maneno yanayozihusu. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, huombwa kwa Huduma ya Maktaba ya Taifa. Chapa nakala 20 za majaribio kwanza, zipelekwe kwa wale wazee pamoja na penseli. Zitarudi zimejaa mishale na majina. Subiri mwezi mmoja, rekebisha jedwali kwanza halafu maandishi, ndipo uagize 150.

Katoni za karatasi zilizobaki baada ya kitabu kutoka zisirudi chini ya kitanda cha mtu. Zipewe namba, orodha ibandikwe juu, na ufunguo ukae kwa watu wawili.