Biskuti nyeusi za kakao zenye krimu katikati, kwa oveni au jiko la mkaa

Haya wapendwa, leo tunaoka zile biskuti nyeusi za kakao zenye krimu nyeupe katikati, zile watoto wanazifungua wanalamba krimu kwanza alafu ndo wanakula biskuti yenyewe. Nitaandika kwa urefu mana wengi wanaojaribu nyumbani wanalalamika kitu kimoja, siku ya kwanza tamu, kesho yake zimelegea. Jibu lake ni maji. Biskuti ya aina hii inatakiwa ivunjike ka! ukiishika pande mbili, isikunjike, na karibu kila hatua hapa chini inafanya kazi hiyo moja, kuzuia maji yasiingie kwenye donge wala kwenye krimu, na yale kidogo yaliyomo yatoke motoni. Ukilishika hilo, mengine ni vipimo tu.

Mahitaji ya biskuti

Unga wa ngano gramu 200, kakao gramu 50, siagi gramu 150, sukari gramu 130, kiini cha yai moja (ute weka pembeni, utautumia kwenye mayai ya asubuhi), bekingi soda robo ya kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vanila kijiko kimoja cha chai. Mizani ndogo ya jikoni inasaidia sana na kama unafikiria kuuza nunua tu, lakini kama huna, unga ni kikombe kimoja na nusu na kidogo juu yake, kakao nusu kikombe, sukari theluthi mbili ya kikombe. Kikombe nachosema ni kile cha kupimia cha mililita 240, sio kikombe cha chai cha nyumbani.

Mahitaji ya krimu

Sukari ya unga gramu 250, mafuta mazito meupe ya kupikia gramu 60, siagi gramu 40, matone machache ya vanila, chumvi kidogo sana ya kubana kwa vidole. Hakuna maziwa. Narudia, hakuna maziwa.

Kwa vipimo hivi unapata biskuti kama 70 za upana wa sentimita 5, yani pea 35 hivi.

Sasa tuongelee kakao kwanza mana hapa ndo rangi na ladha zinapotoka. Kile cha kopo cha kunywa chenye sukari ndani hakifai, unataka kakao tupu. Na kakao tupu ziko za namna mbili. Kuna ya asili, rangi yake ni kahawia ya kung'aa kidogo na ina uchachu, na kuna iliyopitishwa kwenye alkali, hiyo ni nyeusi zaidi, laini mdomoni, haina ule uchachu. Njia ya alkali ilitoka Uholanzi kwa akina Van Houten, karne ya 19, na ile rangi nyeusi kabisa unayoiona kwenye biskuti za dukani ni kakao ya alkali iliyosukumwa hadi mwisho. Biskuti zenyewe ni za siku nyingi, Oreo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1912, na watu wengi hawajui kwamba Hydrox ilitangulia, yenyewe ni ya 1908. Kwaiyo ukinunua kakao angalia karatasi ya nyuma, ukiona wameandika alkali au E501 basi ndo hiyo ya alkali. Ukikosa usihangaike, kakao ya asili inafanya kazi vizuri, ila bekingi soda ongeza iwe nusu kijiko cha chai badala ya robo, inaua uchachu na inatia weusi. Usizidishe zaidi ya hapo, ladha ya sabuni itakuja. Na kakao nzuri tunayo hapahapa nchini, inalimwa Kyela na bonde la Kilombero kule Morogoro, ukimpata mtu anayeuza unga wake nunua, harufu yake inajaza nyumba.

Jambo lingine, usiweke magadi. Najua sisi wa Arusha magadi yako karibu, Ziwa Natron si ndo huko kwetu, na kwenye maharage na makande yanafanya kazi yake, lakini sio kitu kimoja na bekingi soda, magadi ni makali zaidi na yatakuharibia donge lote.

Siagi. Siagi ya kawaida ina mafuta kama asilimia 80 na maji kama asilimia 16, hayo maji yanatoka kwenye moto, sio tatizo. Tatizo ni zile majarini laini za kupaka kwenye mkate, nyingine zina maji mengi sana, na donge lake linatawanyika kwenye treyi. Soma kopo, kama mafuta ni asilimia 80 au zaidi tumia, kama ni 50 au 60 iache ikapake mkate. Na ukitumia majarini punguza chumvi mana nyingi zimeshatiwa.

Hatua ya kwanza, donge

Siagi iwe imelainika ila isiyeyuke. Piga siagi na sukari mpaka zichanganyike vizuri, kama dakika mbili kwa mwiko zinatosha, hatutafuti kuumua kama keki kwaiyo usikae unapiga robo saa. Sukari yetu ya kawaida ina punje kubwa, isage kidogo kwenye blenda kavu kwanza, biskuti zinatoka na uso laini. Weka kiini na vanila, koroga. Kiini tu, mana ute wa yai karibu wote ni maji.

Chekecha unga, kakao, soda na chumvi kwa pamoja, usiruke hii hatua, kakao ina mabonge ambayo mwiko hauyavunji. Mimina kwenye siagi na changanya mpaka liwe donge, mwanzoni litaonekana kama vumbi na utatamani kuongeza maji, usiongeze, endelea kubana na mkono, joto la mkono litalikusanya. Likikataa kabisa ongeza kijiko cha chai cha siagi.

Ligawe mara mbili, libonde liwe bapa, funga kwenye nailoni, weka sehemu ya baridi dakika 45. Arusha mwezi wa saba hata dirishani inatosha, ila Moshi friji ni lazima, au kama huna weka kwenye bakuli la bati linaloelea juu ya maji ya baridi.

Hatua ya pili, kusukuma na kukata

Weka donge katikati ya nailoni mbili safi alafu sukuma na mpini wa chapati. Usinyunyize unga wa ngano, utaacha madoa meupe kwenye biskuti nyeusi na hayatoki, kama linanata nyunyiza kakao. Unene ni milimita 3, na njia rahisi ya kupata unene ulio sawa ni kuweka rula mbili za shule kulia na kushoto alafu mpini upite juu yake. Unene ukipishana, nyembamba zinaungua wakati nene bado hazijakauka, na pea hazitalala vizuri.

Kata na kikatio cha biskuti, au glasi ndogo, au mfuniko wowote wenye ukingo mkali. Zitoboe kwa uma mara tatu nne kila moja, hayo matundu yanatoa mvuke, biskuti inabaki bapa haipandi tumbo. Kama donge limelainika wakati unakata rudisha kwenye baridi dakika 10, usilazimishe, ukilazimisha mduara unavutika unakuwa yai.

Mabaki kusanya usukume tena, mara moja au mbili hayana shida.

Hatua ya tatu, moto

Kwa oveni ya umeme au gesi, joto nyuzi 165 za Selsiasi, treyi katikati, dakika 12 mpaka 15. Watu huniuliza habari ya muinuko, Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na kwenye keki kweli inasumbua, ila biskuti bapa kama hizi haziumuki sana, vipimo acha kama vilivyo.

Kwa jiko la mkaa, chukua sufuria kubwa zito, weka mchanga mkavu uliochekechwa unene wa vidole viwili, funika na upashe dakika 20. Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu au kistendi, alafu sahani ya bati yenye biskuti. Palia makaa juu ya mfuniko, juu mengi chini machache, mana biskuti nyembamba tumbo lake linaungua haraka. Kwenye sufuria mvuke unanaswa ndani, kwaiyo zikifika dakika 8 inua mfuniko uutoe, na dakika tatu za mwisho acha mfuniko umekaa upande. Hapo ndo wengi wa mkaa wanapopoteza ule ukavu, wanafunika mwanzo mwisho biskuti zinajipika na mvuke wake.

Sasa utajuaje zimeiva wakati ni nyeusi tangu mwanzo? Macho hayakusaidii hapa, tumia pua na kidole. Harufu ya kakao ikijaa jikoni anza kuangalia, gusa ukingo, uwe mgumu, gusa katikati, kidole kisiache shimo. Harufu ikiwa na ukali wa kuungua umechelewa, kakao ikiungua inakuwa chungu na hakuna krimu itakayoificha. Zikitoka zinakuwa na ulaini kidogo, ni kawaida, zinakauka zikipoa. Njia ya uhakika ni hii, toa moja, iache ipoe dakika 10, ivunje. Ikilia ka! toa zote. Ikikunjika zingine zirudishe dakika tatu.

Zipoe kwenye waya au kwenye ungo, hewa ipite chini. Ukiziacha kwenye sahani zinatoa jasho kwa chini.

Hatua ya nne, krimu

Kama huna sukari ya unga saga sukari ya kawaida kwenye blenda kavu kabisa, gramu 250 na kijiko kimoja cha chakula cha konfulawa, subiri vumbi litulie kabla hujafungua, alafu chekecha na kichujio cha chai. Sukari ya TPC (kile kiwanda cha Moshi) na nyingi za hapa kwetu zina rangi kidogo, kwaiyo krimu yako itakuwa na rangi ya maziwa sio nyeupe pee, ladha ni nzuri zaidi mi naona.

Piga mafuta mazito na siagi dakika tatu mpaka ziwe nyepesi, ongeza sukari kidogo kidogo, chumvi, vanila. Itakuwa nzito sana, ndo inavyotakiwa, iwe ukiichukua unaviringa kidonge mkononi bila kunata. Hapa ndo mtu anasema ngoja nilainishe na kijiko cha maziwa, na hapo ndo biskuti zinapokufa, mana maji ya kwenye krimu hayakai kwenye krimu, usiku kucha yanahama yanaingia kwenye biskuti kavu. Krimu ya mafuta na sukari peke yake maji yake ni machache mno ya kuhamisha.

Kwanini nachanganya mafuta mazito na siagi? Siagi ina ladha ila kwenye nyuzi joto 32 mpaka 35 imeshayeyuka, mafuta mazito yanavumilia zaidi. Arusha mchanganyiko huu uko salama. Ila ndugu zangu wa Moshi, Januari na Februari joto lile tunalijua, toeni siagi wekeni mafuta mazito yote gramu 100. Mafuta ya nazi usijaribu, yanayeyuka kwenye nyuzi 24 tu, biskuti zitateleza zenyewe kwenye sahani. Kama hujui mafuta uliyonunua soko la Mbuyuni Moshi au soko la Kilombero Arusha yana uvumilivu gani weka kijiko kimoja kwenye kisahani, kiache mezani mpaka saa nane mchana. Yakibaki yamesimama tumia.

Hatua ya tano, kuunganisha

Biskuti ziwe zimepoa kabisa. Panga pea zinazolingana. Viringa vidonge vya krimu vya gramu 10, weka kwenye upande wa chini wa biskuti, funika na nyingine, bonyeza na kiganja huku unazungusha kidogo mpaka krimu ifike ukingoni. Ukibonyeza kwa vidole katikati inavunjika. Ziache saa moja zishikane.

Kutunza ni kopo au ndoo yenye mfuniko unaobana, wiki nzima bila shida. Friji haihitajiki, tena inaharibu, ukizitoa kwenye baridi zinapata umande na huo umande ni maji yaleyale tuliyoyakimbia. Za kutuma kwa basi, zisimamishe wima kwenye boksi zibanane na karatasi pembeni, Moshi mpaka Arusha zinafika nzima.

Msimu wa masika hewa ina unyevu, biskuti tupu zikilegea zirudishe kwenye oveni nyuzi 150 dakika tano zitakauka upya. Zenye krimu haziwezi kurudi motoni, kwaiyo kama una oda na mvua imeshika, oka mapema, funga kwenye kopo bila krimu, alafu unganisha asubuhi ya siku unayopeleka.