Kabla hujaenda kongamano la utafiti wa zuu, angalia buti zako

Nikiwa nasoma masta Uingereza nilipeleka bango langu la utafiti kwenye kongamano la utafiti la BIAZA, ule umoja wa zuu (bustani za wanyama) na akwaria (za samaki) za Uingereza na Ayalandi, na kiukweli nilienda kichwa kichwa.

Kwanza bango lenyewe. Soma imeili ya waandaaji mpaka mwisho, sio ile mistari miwili ya juu, maana mimi nilichapa A0 ya kulala (sentimita 119 kwa 84) kumbe ubao wao ni wa kusimama, ikabidi lining'inie pembeni mpaka likamfunika jirani nusu. Na chapa kwenye kitambaa aisee, unalikunja unatia begini, achana na ule mrija wa kubebea bango la karatasi, wa kugombania nao nafasi kwenye treni.

Halafu viatu, hapa ndo niliaibika. Mada yangu ilikuwa chura wa Kihansi, yule mdogo wa milima ya Udzungwa, Tanzania, anayezaa vitoto badala ya kutaga mayai. Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko walikokuwa wanaishi, mwaka 2000 wakachukuliwa karibu 500 wakapelekwa Bronx Zoo Marekani, 2003 waliobaki wakaporomoka na ile fangasi ya ngozi ya vyura ikaonekana kwao, 2009 ikatangazwa porini hawapo tena, 2012 ndo wakaanza kurudishwa. Sasa mimi nayaeleza yote haya kwa mbwembwe, halafu kwenye ziara ya banda la vyura dada mtunza wanyama ananiangalia miguuni anauliza, hizo buti mara ya mwisho zilikanyaga wapi? Zilikanyaga Udzungwa, na tope bado lipo kwenye soli!! Yaani unahubiri fangasi huku pengine umeivaa. Kwa hiyo beba viatu ambavyo havijawahi kwenda fildi, na ukikuta beseni la dawa mlangoni kanyaga vizuri, usiruke.

Swali la kwanza utakaloulizwa ni "wanyama wangapi?" Usijitetee sana, zuu nyingi ndo hivyo wapo watatu au wanne, wewe sema idadi, sema umewaangalia masaa mangapi na saa ngapi za siku, maana mnyama wa asubuhi kabla ya kulishwa sio yule wa mchana wageni wamejaa.

Wakati wa lanchi usijibane na maprofesa tu. Kaa na watunza wanyama, wao ndo wanajua chura yupi amegoma kula tangu Jumatatu, mimi wazo la sura nzima ya tasnifu nililipata hapo.

Picha za nyuma ya mabanda omba ruhusa kabla ya kuposti. Koti la mvua usiache hata kama kumetoka jua. Na ile fomu ya chakula ijaze mapema kama unakula halali, mimi niliiacha wazi nikashindia krispi na tofaa siku mbili.