Kalamu ya ndimi mbili: mistari ya rula na maandishi ya mkono huru

Kalamu hii ina ndimi mbili za chuma zinazokaribiana nchani, na skrubu ndogo ubavuni ya kuzibana au kuziachia. Wino hukaa katikati ya ndimi, basi. Kabla ya kalamu za bomba kama Rapidograph, ambazo wino hutoka kwenye kibomba chembamba, kuenea kuanzia miaka ya 1950, wachoraji wa ramani na majengo waliitegemea kwa mistari yao ya wino.

Usiichovye chupani. Wino ukibaki nje ya ndimi hugusa rula na kuvuja chini yake. Tumia brashi au sirinji isiyo na sindano, udondoshe kati ya ndimi mpaka wino ufike kimo cha milimita 5 au 6. Ukizidi sana, humwagika mara ncha inapogusa karatasi. Ukipungua, mstari mrefu hukatika njiani. Futa pande za nje kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Jaribu unene wa mstari kwenye kipande cha karatasi ile ile utakayochorea, kwa kuwa karatasi inayonyonya hunenepesha mstari. Shika kalamu karibu wima, skrubu ikiwa upande usio wa rula, na uilaze kidogo kuelekea unakokwenda. Ndimi zote mbili ziguse karatasi. Kama ukingo wa rula haujainuka, bandika utepe wa gundi chini yake, ndani kidogo ya ukingo. Vuta kwa kasi moja, maana ukisitasita mstari hunenepa. Usiibane kalamu kwenye rula: ulimi wa ndani husukumwa kuelekea mwenzake na mstari hukonda. Ukitaka mstari mpana kuliko milimita 1, chora kingo zake mbili, kisha jaza katikati.

Wino ukigoma kutoka, umekauka nchani. Gusisha ncha kwenye kitambaa chenye unyevu. Mstari wenye upande mmoja uliochakaa ni ishara kwamba ulimi mmoja ni mfupi. Hapo funga ndimi zigusane, pitisha ncha juu ya kinoo laini huku ukiuyumbisha mpini, mpaka zilingane urefu. Kisha zifungue na unoe kila ulimi kwa nje tu. Ndani usiguse kamwe, na usizifanye kali kiasi cha kukata karatasi.

Kwa maandishi, weka rula kando. Ncha hutoa mstari mwembamba. Ukiilaza kalamu ubavu, wino hutoka kwa urefu wa ukingo na kuacha mstari mpana. Uzuri wote uko kwenye kuigeuza mkono ukiwa bado unatembea, herufi ianze nyembamba na kufunguka. Karatasi yenye mparuzo ya gramu 200 au zaidi kwa mita ya mraba, mkono ukienda haraka, huacha madoa meupe ndani ya mstari. Rangi ya gwashi (rangi ya maji nzito, isiyopitisha mwanga) iliyolainishwa kwa maji hadi uzito wa maziwa hufaa kama wino.

Ndimi nyembamba za mchoraji ramani hazitoi mstari mpana sana. Kwa mstari huo jitengenezee kalamu nyingine: kata kipande cha kopo la soda, sentimita 5 kwa 6, kikunje katikati, uikate midomo iliyo wazi kwa mviringo, kisha ukifunge kwenye kijiti. Sugua kingo kwa msasa namba 600, maana bati hilo hukata vidole.

Ukimaliza, osha kabla wino haujakauka, kausha, na ulegeze skrubu ili chuma kisichoke.