Gari linachemsha? Namna ya kusafisha mfumo wa kupooza injini, hatua kwa hatua

Gari likichemsha, madereva wengi huongeza maji ya bomba na kuendelea na safari. Hapa Dodoma sioni kitu kinachoua rejeta nyingi (kile kifaa kinachopooza maji ya injini) kuliko tabia hiyo. Maji yetu yana madini mengi. Chungulia ndani ya birika lako la chai: ule ukoko mweupe ulioganda chini ndio huohuo unaojijenga ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, isipokuwa huko mkono haufiki. Maji ya kisima yenye chumvi ya Dar es Salaam nayo yanaziba na kuleta kutu.

Maelezo haya nimeyalenga kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Toyota IST, Probox na baadhi ya Vitz. Gari jingine dogo la petroli halitapishana sana na haya.

Kwanza jua kama shida ni uchafu

Kusafisha hakutibu kila kuchemsha, na sipendi mtu apoteze hela yake bure. Gari likichemsha kwenye foleni lakini likapoa ukishika barabara kuu, anza na feni. Washa AC uone kama feni inazunguka. Isipozunguka, kagua fyuzi, rilei (swichi yake ya umeme) na mota yake. Likichemsha kwenye mlima au mwendo mkali, hapo ndipo rejeta iliyoziba, themostati (kilango kinachoyafungulia maji njia injini ikipata moto) iliyoganda au pampu ya maji iliyochoka vinashukiwa.

Kisha fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, au ukiwasha injini ikiwa baridi na rejeta ikatoa mapovu mfululizo bila kukoma, huenda gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa cha injini, imeungua. Usisafishe chochote. Mpelekee fundi aipime.

Hatua ya 1: Acha injini ipoe kabisa

Kifuniko cha rejeta hushikilia presha ya takriban bar 1, na presha hiyo inayafanya maji yafike karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Ukikifungua injini ikiwa moto, presha inatoka ghafla na maji yanachemka papo hapo, yanakurukia usoni na mikononi. Bonyeza mpira wa juu wa rejeta, yaani lile bomba la mpira linalounganisha rejeta na injini: kama bado ni mgumu au wa moto, subiri. Ni bora ufanye kazi hii asubuhi, gari likiwa limelala.

Ukiwa umekishika hicho kifuniko, kagua mpira wake. Ukipasuka au kukakamaa, presha haikai na maji yanachemka mapema, hasa nyanda za juu. Mbeya, iliyo zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nunua kipya chenye namba ileile iliyoandikwa juu ya cha zamani.

Hatua ya 2: Mwaga maji ya zamani

Weka beseni chini, legeza koki iliyo chini ya rejeta, kisha fungua kifuniko cha juu ili hewa iingie. Koki hiyo ni ya plastiki; tumia vidole, usilazimishe kwa koleo. Mwaga na yaliyomo kwenye kopo la akiba, lile la plastiki lililounganishwa na rejeta.

Kulanti (dawa maalumu ya kupooza injini) ya zamani usiiache wazi wala usiimwage mtaroni. Ina ladha tamu na ni sumu. Mbwa huilamba ikamuua, na mtoto vilevile. Iweke kwenye galoni lenye kifuniko, uliandike.

Angalia kilichotoka. Rangi ya matofali ni kutu. Mafuta yakielea juu, rudi kwenye habari ya gasketi.

Hatua ya 3: Zungusha maji safi na dawa

Funga koki, jaza maji safi, tia dawa ya kusafishia rejeta kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Weka hita kwenye joto la mwisho ili maji yapite na huko. Funga kifuniko, washa injini mpaka feni iwake, kisha fuata muda ulioelekezwa kwenye dawa. Zima, subiri ipoe, mwaga. Rudia kwa maji matupu mpaka yatoke meupe kama yalivyoingia.

Wapo wanaotia sabuni ya unga. Inaleta povu na mabaki yake hayaishi kirahisi. Kostiki soda ndiyo mbaya zaidi: inakula alumini, na rejeta pamoja na silinda hedi ya 1NZ-FE ni alumini.

Hatua ya 4: Sukuma maji kinyumenyume

Hapa ndipo uchafu wenyewe hutoka. Ondoa mpira wa juu na wa chini, funga kifuniko cha rejeta, kisha ingiza mpira wa bustani kwenye tundu la chini, uzungushie kitambaa, maji yatokee juu. Kwa kuwa yanakwenda kinyume na njia yao ya kawaida, magamba yaliyonasa yanalegea na kutoka. Tumia presha ya bomba la kawaida tu. Mashine ya kuoshea magari hupasua matanki ya plastiki yaliyo kwenye ncha za rejeta.

Kwa nje, piga maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili wadudu na vumbi vitoke kulekule vilikoingilia.

Kama sehemu ya rejeta inabaki baridi wakati kwingine kuna moto, njia za hapo zimeziba kabisa. Usihangaike tena, tafuta rejeta nyingine.

Hatua ya 5: Themostati

Naomba hapa unisikilize vizuri. Usikubali themostati itolewe na kutupwa eti nchi zetu ni za joto. Injini ikibaki baridi, kompyuta inaongeza petroli, mafuta yanakwenda na injini inachakaa.

Themostati ya 1NZ-FE ipo pale mpira wa chini unapoingia kwenye injini, na mara nyingi inabidi alteneta itoke ndipo upate nafasi. Nati zake ni za spana namba 10. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, uwashe moto taratibu na kipimajoto kikiwa ndani. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Ikifika 95 haijafunguka vizuri, nunua mpya pamoja na ringi yake ya mpira. Unapoirudisha, kale kavalvu kadogo kanakochezacheza kakae juu, ndiko hewa inakopitia.

Hatua ya 6: Jaza kulanti

Rudisha mipira na klipu zake. Tumia kulanti inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu kila kiwanda hupaka rangi kitakavyo. Iliyokwisha kuchanganywa usiiongeze maji.

Kama umenunua ile nzito, ambayo haijachanganywa na maji, usiichanganye kwenye ndoo. Ndani ya injini kumebaki maji ya kusuuzia, nayo yataipunguza nguvu. Soma ujazo wa mfumo kwenye kitabu: ukiwa lita 5, tia kwanza lita 2.5 za kulanti nzito, kisha malizia na maji ya betri yasiyo na asidi. Soma lebo, maana asidi ya betri nayo huuzwa kwenye chupa za namna hiyo.

Hatua ya 7: Toa hewa

Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, hita iwe wazi. Washa injini kifuniko kikiwa hakijafungwa, minya mpira wa juu mara kwa mara huku ukichunga feni. Mapovu yatatoka na kina kitashuka, ongeza. Yakianza kupanda na kutaka kumwagika, funga kifuniko. Hita ikipuliza hewa ya moto bila kukatikakatika, hewa imekwisha.

Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye soketi ya kupimia kompyuta ya gari na kuunganishwa na simu, kitakuonyesha nyuzi halisi. Kati ya 82 na 96 usiwe na wasiwasi. Kesho yake, injini ikiwa baridi, angalia kopo la akiba na rejeta, uongeze palipopungua. Fanya hivyo kwa wiki nzima. Kina kikiendelea kushuka na chini ya gari hakuna tone, kagua mazulia ya mbele kama yamelowa kwa hita kuvuja. Yakiwa makavu, kapime gasketi ya hedi.