Touch Bar ya MacBook: iwekee kazi zako

Hapa Moshi, MacBook Pro nyingi tunazonunua sisi wahariri wa video ni za mtumba, na nyingi zina ule ukanda wa kioo juu ya mstari wa namba, yaani Touch Bar. Apple waliutambulisha Oktoba 2016, na mashine ya mwisho kuwa nao, ya inchi 13 yenye chipu ya M2, iliondolewa sokoni Oktoba 2023. Watu wengi wanapunguzia sauti tu, halafu wanasema hauna maana. Mimi nautumia kila siku kuhariri harusi, send-off na vipaimara, na ushauri wangu ni mmoja: usiuache ulivyokuja. Toa usichokigusa, weka unachokigusa kutwa nzima.

Kama bado hujanunua, angalia kona ya kushoto kwanza. Mashine za mwanzo hazina kitufe halisi cha Esc, kinachorwa kwenye ukanda wenyewe. Kitufe halisi kilirudi kwenye ile ya inchi 16 ya mwishoni mwa 2019, kisha kwenye za inchi 13 za 2020. Ukipata ya namna hiyo, chukua hiyo.

Sasa fungua System Settings, nenda Keyboard, kisha Touch Bar Settings. Kwenye mfumo wa zamani ni System Preferences, halafu Keyboard. Pale wanapouliza ukanda uonyeshe nini, chagua App Controls, na uache Control Strip ikiwa imewashwa. Hapo upande wa kushoto utabadilika kufuata programu uliyofungua, na kulia vitabaki vitufe vinne vyako vya kudumu. Wapo wanaochagua Expanded Control Strip ili waone vitufe vingi kwa mpigo. Siwashauri, kwa sababu ule upande wa programu unapotea, na ndiko faida ilipo.

Kisha bofya Customize Control Strip. Vitufe vyote vitajipanga kwenye skrini. Shika unachotaka kwa kasa (kielekezi cha kwenye skrini), kiburute kwenda chini mpaka kipite ukingo wa skrini. Usisite hapo ukingoni, endelea kushuka, utakiona kikiingia kwenye ukanda. Kukitoa ni kinyume chake: shusha kasa hadi kwenye ukanda, kishike, kipandishe juu.

Mimi nilianza kwa kuitoa Siri, yule msaidizi wa sauti wa Apple. Haijui Kiswahili, na kidole kinaigusa bila kukusudia kila unapokwenda kufuta neno. Mahali pake nimeweka Screenshot, maana wateja wanataka kuona picha moja ya video kwenye WhatsApp kabla kazi haijaisha. Mute nayo nimeitoa, nimeweka Screen Lock. Ofisi yetu iko karibu na Soko la Mbuyuni, watu wanaingia na kutoka, na video ya harusi ya mtu si ya kila jicho. Nagusa mara moja skrini inafunga, nikirudi naweka kidole kwenye Touch ID inafunguka. Mwanga na sauti nimeviacha. Kwa hivyo viwili, usiguse kisha ukaanza kutafuta mshale: bonyeza, na bila kuinua kidole telezesha kushoto au kulia.

Ukiandika Kiswahili, ukanda utakujazia maneno ya Kiingereza yasiyo na kazi. Fungua programu unayoandikia, nenda menyu ya View, chagua Customize Touch Bar, toa alama kwenye Show typing suggestions. Menyu hiyohiyo ipo kwenye Finder na Safari, na kila programu inakumbuka mpangilio wake.

Lakini raha yenyewe iko kwenye Final Cut Pro, programu ya Apple ya kuhariri video. Ukiwa kwenye taimulaini, yaani pale vipande vya video vinapopangwa kwa mfuatano, ukanda unaweza kukuonyesha kazi nzima kwa ufupi, vipande vyote kwa rangi zake, toka mwanzo hadi mwisho. Chukua harusi ya Kichaga: ukumbini ni saa na saa za kurekodi, na kila familia itauliza jambo moja, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, iko wapi? Napeleka kidole theluthi ya mwisho ya ukanda, naburuta taratibu huku macho yakiwa kwenye skrini. Meza kuu inapita, keki inapita, mara wapishi hao wanaingia wakicheza, ndafu mbele, majani mdomoni. Nasimama hapo. Kwa trackpad ningekuwa nakuza na kupunguza taimulaini muda wote huo. QuickTime Player nayo inakupa mstari wa kuburuta, inafaa sana unapokagua video mbichi kabla ya kuzihamisha.

Ukihitaji F1 hadi F12, shikilia Fn zitatokea. Vidole viwe vikavu. Vya jasho au mafuta ukanda haviusikii vizuri. Na ukijizima baada ya kama dakika moja usishtuke, gusa popote unawaka.

Ukanda ukiganda kabisa, usizime mashine kazi ikiwa imefunguliwa. Fungua Terminal, programu ya kuandikia amri, andika killall ControlStrip, bonyeza Return. Vile vitufe vya kulia vitajipanga upya. Ikishindikana, ingia Activity Monitor, inayoonyesha kila kinachoendeshwa na mashine, tafuta TouchBarServer, ifunge. Itajiwasha yenyewe, na Final Cut itaendelea pale ulipoishia.